Mzazi, mfundishe mwanao kuelea kwa pumzi

Maziwa Singidani na Kindai, mjini Singida, yana maji ya chumvi, na maji ya chumvi humfanya mtu aelee kwa urahisi. Mzazi asidanganyike: mtoto anayeelea humo anaweza kuzama kwenye bwawa lisilo na chumvi.

Siri ni pumzi. Mapafu yakijaa hewa, mwili huelea. Akitoa pumzi, hushuka. Wapiga mbizi wanaoanza hujifunza hivyo hivyo.

Anza kwenye maji yasiyozidi kiuno chake. Alale chali, masikio ndani ya maji, apumue taratibu, mkono wako ukimshika mgongoni. Akiogopa, asimame.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto chini ya miaka 5. Usimwache peke yake, hata kidogo.