Mabaki ya Viuatilifu Katika Mboga: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Sehemu kubwa ya mboga za majani zinazoliwa Dar es Salaam hulimwa humo humo jijini, katika mabonde na viwanja vya pembezoni mwa Kinondoni na Temeke. Bustani zikiwa jirani na mlaji kiasi hicho, mchicha ulionyunyiziwa dawa leo waweza kufika jikoni kesho. Hapo ndipo suala la mabaki ya viuatilifu linapoanzia.

Kiwango cha juu cha mabaki hutajwa kwa miligramu katika kila kilo ya chakula. Viwango vya kimataifa hupitishwa na Tume ya Codex Alimentarius, na hupitiwa upya ushahidi mpya unapopatikana. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya uliiondolea idhini dawa ya kloripirifosi na kushusha kiwango chake hadi miligramu 0.01, yaani gramu 1 katika tani 100 za chakula.

Jambo lisilofahamika na wengi ni kuwa kiwango hakikadiriwi kwa ukali wa sumu peke yake. Hutokana pia na majaribio ya shambani ambamo dawa imetumiwa kama lebo inavyoelekeza, kwa kipimo chake na kwa siku zake za kungoja kabla ya kuvuna. Mchicha hung'olewa wiki 3 hadi 4 tangu kupandwa. Dawa yenye siku 14 za kungoja haina nafasi baada ya wiki 2 za mwanzo. Bamia ina mtihani mkubwa zaidi, kwani huchumwa kila baada ya siku 2 au 3. Kungoja siku 7 ni kuacha michumo kadhaa ikomae hadi isiuzike. Hasara hiyo ni ya mkulima, wala si ndogo, na maelekezo yasiyoikiri hayatafuatwa.

Viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019; Zanzibar, ni kazi ya Wakala wa Chakula na Dawa.

Wakulima wanaombwa wasinunue dawa iliyomiminwa katika chupa isiyo na lebo, kwani siku za kungoja huandikwa hapo. Walaji wanakumbushwa kuwa kuosha mboga kwa maji yanayotiririka hupunguza dawa iliyo juu ya jani. Iliyokwisha kuingia ndani ya mmea haiondoki kwa kuosha.