Udongo Nao Wataka Chakula

Mkulima wa Machame akiulizwa mali yake iliyo hai ni ipi, atataja ng'ombe, mbuzi na kuku. Udongo hautaji. Na hali katika kijiko kimoja cha udongo mwema mna bakteria mamilioni kwa mamilioni, na kuvu za namna nyingi zisizoonekana kwa macho. Hao ndio waozeshao majani na samadi hata ikawa chakula cha mgomba.

Wazee wetu hawakuwa na hadubini, lakini kazi hii waliijua. Ng'ombe alifungwa zizini, akaletewa majani, na samadi yake ikatiwa migombani na penye kahawa. Ndiyo sababu kihamba kimerithiwa toka babu hata mjukuu nacho chazaa.

Ama shamba la chini, kule tambarare, habari yake ni nyingine, nasi twaona ndilo lililodhulumiwa. Kila baada ya mavuno, mabua ya mahindi hufungwa mizigo, yakapandishwa mlimani kulisha ng'ombe. Samadi yake haishuki tena. Huishia kwenye migomba iliyo mlangoni. Shamba moja lamlisha mwenzake, nalo halilishwi. Vijidudu vya ardhi hufa njaa, udongo hushikana, maji ya masika hupita juu yake. Kisha twalaumu mbegu!

Enyi vijana wenye magari, gari lililopanda na mabua na lishuke na samadi. Lakini isiwe mbichi. Ilundikeni kivulini pamoja na majani makavu, ifunikwe kwa majani ya mgomba, iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, tena igeuzwe ipate hewa. Lundo zuri hupata joto la kupita nyuzi 55 za sentigredi, nalo huua mbegu nyingi za magugu. Likinuka vibaya, limekosa hewa.

Maharage nayo yana bakteria wao, wakaao katika vinundu vya mizizi na kutwaa naitrojeni hewani. Wakati wa maua ng'oeni shina moja, mpasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kazi yaendelea, kikiwa cheupe au kijani, hapana kazi.

Na wenye kahawa wakumbuke kuwa shaba iliyomo katika dawa ya mrututu ikidondoka hukaa ardhini miaka mingi, na ikizidi huwadhuru viumbe hao. Kituo cha Lyamungo, kilichoanzishwa mwaka 1934 na tangu 2001 kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kimetoa miche yenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mwenye kuipanda huipunguzia ardhi yake shaba hiyo.