Nani Anamlipa Nani?

Dada mmoja wa jumuiya yetu alikopa euro 340 kwa wenzake mwezi uliopita, akazituma kwa kampuni inayosimamia nyumba aliyohama. Barua aliyoipokea ilikuwa na sentensi hii: “Der Mieterin hat die Hausverwaltung 340 Euro zu erstatten.” Yeye akasoma kwamba mpangaji anatakiwa kuilipa kampuni euro 340. Kumbe ni kinyume: kampuni ndiyo inayotakiwa kumrudishia mpangaji. Sasa anafuatilia fedha mbili, alizokuwa anadai na alizotuma, na kampuni inamjibu kwa barua ndefu kuliko ile ya kwanza.

Huyu si mtu asiyejua Kijerumani. Ana cheti cha B1, anafanya kazi kwenye jiko la nyumba ya wazee na anataniana na wenzake kwa Kijerumani kutwa nzima. Wala si wa kwanza kukutwa na haya. Kila tukikutana swali linarudi lilelile: nimesoma kasusi zote nne, jedwali liko kichwani, mbona barua zinanishinda?

Jedwali tunalijua. Tatizo ni kwamba tunaposoma macho yetu yanatafuta habari mahali ambapo Mjerumani hakuiweka.

Tuiangalie tena sentensi ile. “Mieterin” ni mpangaji mwanamke, na hiyo “-in” ya mwisho haidanganyi. Jina la kike likiwa mtenda huchukua “die”. Hapa limechukua “der”, na “der” mbele ya jina la kike haiwezi kuwa nominativu, kasusi ya mtenda, hata siku moja. Ni dativu (ya anayepewa) au genitivu (ya mwenye kitu), basi. Kwa hiyo mpangaji ameshatoka kwenye kiti cha mtenda. Hausverwaltung nayo ni ya kike, na “die” yake yaweza kuwa nominativu au akuzativu (ya anayetendwa), lakini euro 340 haziwezi kumrudishia mtu chochote, kwa hiyo mtenda aliyebaki ni kampuni. “Hat … zu erstatten” maana yake inalazimika kurudisha. Anayerudishiwa ni mpangaji, dativu.

Kilichomponza ni mambo mawili. La kwanza, aliisoma sentensi kwa mpangilio wa Kiswahili, ambapo anayetajwa mwanzo huwa ndiye mtenda. Kwetu “Juma amempiga Ali” na “Ali amempiga Juma” ni kesi mbili tofauti, na majina yenyewe hayakusaidii kitu. Nafasi ndiyo inayosema. Mjerumani hana shida kumtanguliza aliyepigwa: “Den Vater hat der Sohn geschlagen.” Baba ametajwa kwanza na baba ndiye aliyepigwa, kwa sababu “den” imeshamaliza habari.

La pili, ambalo ndilo linawanasa wengi, ni “der” yenyewe. Siku ya kwanza darasani tunaambiwa “der” ya kiume, “die” ya kike, “das” isiyo ya huku wala huko. Tunalipokea hili kama ngeli, maana ngeli tumezaliwa nazo. Kiti ni cha KI-VI, na kitabaki hivyo kikivunjika, ukikinunua au ukikikalia. Neno lenyewe halibadiliki hata herufi moja. Basi na “der” tunaihifadhi hivyohivyo, kama muhuri wa kiume uliogongwa mara moja. Lakini “der” ina kazi nne: nominativu ya kiume (der Mann), dativu ya kike (mit der Frau), genitivu ya kike (das Konto der Frau) na genitivu ya wingi kwa jinsia zote (die Namen der Kinder). “Den” nayo ni akuzativu ya kiume na vilevile dativu ya wingi, ambapo jina lenyewe mara nyingi huongezewa “n” kama halina: mit den Kindern. Sasa fikiria nani wanaotuandikia barua. Behörde, Kasse, Versicherung, Agentur, Verwaltung, Schule, zote za kike. Ukiona “der” mbele ya maneno haya, futa kabisa wazo la mwanamume na wazo la mtenda.

Kiswahili kimeweka habari ya anayepewa ndani ya kitenzi. “Nimempa”, “nimewapa”, “nimemwandikia”: kabla hujamtaja mtu, msikilizaji ameshajua kuna anayepokea, na kama ni mmoja au wengi. Kitenzi cha Kijerumani hakikwambii lolote kuhusu huyo. “Gibt” ni “gibt” tu, umpe mama, umpe bosi, uwape watoto wa mtaa mzima. Habari yote imehamia kwenye kale kaneno kanakotangulia jina, ambako sisi tumezoea kukaruka. Mwalimu asiyejua Kiswahili atajuaje kwamba hapo ndipo tunapopotelea? Atakurudishia jedwali, ukalikariri tena.

Kuna mahali lugha yetu inasaidia. Kitenzi chetu cha kutendea mara nyingi hukutana na dativu: nakuletea, ich bringe dir, nakuandikia, ich schreibe dir, nakutumia pesa, ich schicke dir Geld. Ila usiigeuze kuwa sheria. “Nakupigia simu” ni “ich rufe dich an”, akuzativu, hata kama kusini-magharibi mwa Ujerumani utawasikia wenyeji wakisema “dir”. Wao hawana mtihani. “Nakungojea” ni “ich warte auf dich”. “Nakuuliza” ni “ich frage dich” lakini “nakujibu” ni “ich antworte dir”, na usiniulize kwa nini. “Nakusaidia” ni “ich helfe dir”. Vitenzi vya namna hii (danken, folgen, gehören, gefallen, glauben, passen, fehlen, schmecken) vinavyotumika kila siku si vingi. Vikariri pamoja na “mir” au “dir” yake, kama kifungu kimoja, na jedwali uliache ukutani.

Kwenye barua, mtego mwingine ni “Sie” na “Ihnen”. “Sie haben … zu zahlen” ni wewe ulipe. “Ihnen steht … zu” ni haki yako, unastahili kupata. Kuna watu wamekaa na barua ya pili wakidhani ni ya kwanza, wakaificha kwenye droo kwa hofu. Lakini “Ihnen” si habari njema kila mara. “Ihnen wird gekündigt” ni dativu safi kabisa, na umefukuzwa kazi.

Kwa wanaofanya kazi hospitalini na kwenye nyumba za wazee, kizungumkuti ni vile vihusishi tisa vinavyochukua akuzativu au dativu: in, an, auf, über, unter, vor, hinter, neben, zwischen. Sisi tunasema “weka mezani” na “kipo mezani”, na “-ni” inabeba yote mawili. Darasani wanafupisha: kukiwa na mwendo ni akuzativu, pasipo mwendo ni dativu. Kufupisha huko kumewapotosha wengi. Kinachoangaliwa ni kama mtu anavuka kutoka mahali pamoja kuingia pengine. Chukua mzee mwenye matatizo ya kumbukumbu, saa nane za usiku. Ukiandika kwenye kumbukumbu za zamu “Bewohnerin läuft auf dem Flur”, umesema anatembeatembea koridoni, yupo humohumo. Ukiandika “Bewohnerin läuft auf den Flur”, umesema anatoka chumbani kwake kwenda koridoni. Miguu inatembea kote kuwili. Anayepokea zamu saa kumi na mbili asubuhi atajenga picha mbili tofauti za usiku ule. Na “zu”, “nach”, “aus”, “von”, “mit”, “bei” na “seit” hazimo kwenye mchezo huu kabisa: ni dativu, utembee usitembee. “Zu den Arzt” haipo duniani. Ni “zum Arzt”.

Tuje kwenye genitivu. Tunaambiwa imekufa, Wajerumani wenyewe wanasema “von”. Barabarani ndiyo, karibu imekufa. Kwenye bahasha ya ofisi iko hai na ina afya. Kozi ya ujumuishaji, Integrationskurs, ina vipindi 600 vya lugha na 100 vya kuijua nchi, na katika vipindi vyote hivyo utakutana zaidi na mwanamume anayenunua tufaha. Halafu unafika nyumbani unakuta “aufgrund der von Ihnen vorgelegten Unterlagen”. “Der” ile ni genitivu ya wingi na imeshikana na Unterlagen iliyo mwisho kabisa, na katikati wamechomeka “von Ihnen”, dativu, nawe umesimama mlangoni na mifuko ya sokoni. Sheria inasema lugha ya ofisi ni Kijerumani, sawa, hatubishani. Haisemi kila sentensi ifungwe kama mzigo wa kontena. Ofisi inayokudai cheti cha B1 inakuandikia Kijerumani cha C1, kisha inaanza kuhesabu siku.

Na siku zenyewe ndizo zinazouma kuliko yote. Mwisho wa barua nyingi za uamuzi, Bescheid, kuna sentensi ya aina hii: “Gegen diesen Bescheid kann innerhalb eines Monats nach Bekanntgabe Widerspruch erhoben werden.” Wapo walioona “Monats”, wakaona “nach”, wakaelewa kwamba unapinga baada ya mwezi. Wakasubiri mwezi upite ndipo wakaenda, na mlango ukawa umefungwa. Kasusi ingewaokoa. “Nach” inataka dativu; kama ingekuwa imeushika mwezi, wangeandika “nach einem Monat”. Wameandika “eines Monats”, genitivu, na genitivu ile ni ya “innerhalb”: ndani ya mwezi mmoja. “Nach” imeshika Bekanntgabe, yaani siku uamuzi unapohesabiwa kuwa umekufikia. Tangu 1 Januari 2025, barua iliyotumwa kwa posta ya kawaida hapa Ujerumani inahesabiwa imekufikia siku ya nne baada ya kupelekwa posta. Zamani ilikuwa siku ya tatu. Kama ilichelewa zaidi ya hapo, sema mapema na uihifadhi bahasha, maana bahasha ndiyo ushahidi wako. Ukikuta imekaa wiki tatu kwenye sanduku kwa sababu ulikuwa Mombasa au Kigoma, tafuta ushauri siku hiyohiyo. Usidhani mwezi wako unaanza siku uliyofungua.

Unaposoma, usianze mwanzo. Tafuta kitenzi, vipande vyote viwili kama kimegawanyika, kimoja nafasi ya pili na kingine mwisho. Kisha pitia kila jina na uulize kama linaweza kuwa nominativu. “Dem” haiwezi, “des” haiwezi, “den” haiwezi, “der” yenye jina la kike haiwezi. Ukiyatoa hayo, mtenda hubaki mwenyewe mara nyingi. Ndiyo maana jinsia ya jina si pambo la mtihani: asiyejua kama Kasse ni ya kike hana namna ya kujua “der Kasse” inalipa au inalipwa. Maneno ya ofisi zinazokuhusu hayazidi kurasa mbili za daftari, yaandike na jinsia zake leo.

Programu ya kutafsiri kwenye simu ikipewa sentensi nzima mara nyingi inapatia. Ikipewa picha iliyokatwa pembeni inabuni, na inabuni kwa kujiamini. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanazitumia kasusi bila kukosea, lakini mtoto wa miaka kumi na moja hajui Widerspruch (pingamizi) ni nini, na si haki kumbebesha habari za madeni ya baba yake. Na wale ndugu wanaotoza euro hamsini “kukusomea barua”, tuwaache na biashara yao. Ushauri kwa wahamiaji watu wazima, Migrationsberatung für erwachsene Zuwanderer, ni wa bure, unatolewa na mashirika kama Caritas, Diakonie, AWO na Msalaba Mwekundu, na kuna programu ya simu iitwayo mbeon ambako unaweza kumwandikia mshauri. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 27 kuna Jugendmigrationsdienst. Nenda na barua yote, kurasa zote, na bahasha.

Ukiamua kupinga, usipige simu ukaridhika kwamba yule bwana wa ofisini alikuwa mpole. Simu si pingamizi, na kwa ofisi nyingi hata barua pepe ya kawaida haitoshi. Andika karatasi, weka namba ya faili iliyo juu ya barua, tia sahihi, ipeleke mwenyewe na udai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usiyeweza kuandika, una haki ya kwenda kwenye ofisi iliyotoa uamuzi ukasema kwa mdomo na wao wakaandika. Hiyo ndiyo “zur Niederschrift” unayoiona kwenye barua hizo. Sababu unaweza kuzileta baadaye. Sentensi moja ya kupinga, ikifika kabla ya siku ya mwisho, inatosha kusimamisha saa.