Simulizi za Busasamana zavuka mpaka bila kulipiwa ushuru

BUSASAMANA, RUBAVU – Anayeondoka tarafa ya Busasamana alfajiri na mzigo wa karoti au viazi kuelekea Kibumba au Goma hutembea katikati ya milima miwili. Upande mmoja upo Karisimbi, mita 4,507, ulio mpakani mwa Rwanda na Kongo. Upande wa pili upo Nyiragongo, mita 3,470, ndani ya Kongo. Kwa mtaalamu wa miamba, wa kwanza umelala na wa pili uko macho. Kwa wazee wa huku jibu ni tofauti: wa kwanza ni makao ya wafu walio na raha, na wa pili ni makao ya wafu wanaoungua.

Imani hiyo ina mwenyewe, naye anaitwa Ryangombe. Wengi kati ya wasomaji wetu wanaovuka mpaka huu wamewahi kulisikia jina hilo, lakini ni wachache wanaoweza kusimulia kisa chake mwanzo hadi mwisho.

Ryangombe alikuwa mwindaji hodari. Usiku mmoja mama yake, Nyiraryangombe, akaota ndoto mbaya, na asubuhi akamsihi mwanawe asiende porini. Kijana hakusikia. Wanaokijua kisa hiki husema mama aliweka hata mshipi wake mlangoni, na mwana akauruka. Huko porini akakutana na mwanamke asiye na matiti, ambaye Wanyarwanda humwita impenebere, na tangu zamani kukutana naye kulihesabiwa kuwa mkosi mkubwa. Mwanamke yule akageuka nyati, nyati akampiga Ryangombe pembe, naye akafia penye mti wa umurinzi, ule wenye maua mekundu ambao sehemu nyingine huitwa umuko. Kabla ya kukata roho aliagiza watu wake wamkumbuke kwa ibada. Hiyo ndiyo kubandwa. Aliyeingizwa katika ibada hiyo, akifa, humfuata Ryangombe Karisimbi. Asiyeingizwa huenda kwenye moto wa Nyiragongo. Zipo pia simulizi za Ryangombe kupigana na Nyiragongo kwa upanga wa moto na kumfungia ndani ya mlima.

Angalia jinsi kisa kilivyojengwa. Ni safari ya asubuhi, onyo la mama, na mtu wa kwanza kukutana naye njiani. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani ataitambua hofu hiyo, maana ndiyo ile inayomfanya muuzaji akatae kukopesha mteja wa kwanza wa siku, au arudi nyumbani akijikwaa kabla hajafika barabarani. Kwa Kinyarwanda bahati mbaya ya namna hii huitwa umwaku. Kwa Kiswahili tunasema kisirani.

Kazi ya kukusanya mambo haya haikuanza leo, na haikuanza mbali. Nyundo, katika wilaya hii hii ya Rubavu, ndipo alipokuwa Aloys Bigirumwami, aliyewekwa wakfu mwaka 1952 na kuwa askofu wa kwanza Mwafrika katika himaya zote za Ubelgiji barani. Mwaka 1954 alianzisha Hobe, jarida la watoto kwa Kinyarwanda. Baadaye akatoa vitabu vikubwa vya methali, ngano, nyimbo na visa vya kale, na kimoja kuhusu desturi na miiko, Imihango n'imigenzo n'imiziririzo mu Rwanda. Aliacha uaskofu mwaka 1973 na kufariki mwaka 1986.

Jambo hilo linastahili kutafakariwa kidogo. Kanisa ndilo lililoipiga vita kubandwa kwa miongo mingi, na askofu wake ndiye aliyeketi kuandika miiko ya wapagani moja baada ya nyingine. Kwa maoni yangu alielewa kitu ambacho wengi hawakielewi hadi leo, kwamba kuandika imani ya mtu si sawa na kuifuata. Asingeiandika, sisi tungebaki na vipande tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika pia Jan Vansina, mwanahistoria wa Kibelgiji, aliyekusanya masimulizi mengi ya kihistoria nchini Rwanda. Fundisho lake kwa wakusanyaji ni rahisi na bado halijachakaa: simulizi haijakamilika mpaka uandike nani amekusimulia, yeye alisikia kwa nani, na wapi. Kisa kisicho na mwenyewe ni sawa na mzigo usio na risiti.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapompita mtafiti. Mtafiti hukaa wiki mbili na kuondoka. Wewe unapita njia ile ile mara nne kwa wiki, unajua Kinyarwanda na Kiswahili, na mna saa nzima ya kutembea pamoja. Usianze na daftari. Anza na muraho na amakuru, umwite mzee muzehe na bibi mukecuru. Ukishavuka, yule bibi wa Kibumba mwite koko. Usimwulize kama anaamini, kwa sababu atakujibu kama anavyowajibu watu wa kanisani. Mwulize nyanya yake alimkataza nini alipokuwa mdogo. Swali hilo hufungua mdomo. Au anza na vitendawili: ukisema sakwe sakwe, upande wa Rwanda utajibiwa soma, kama wasemaji wa Kiswahili wanavyojibu tega wakiitiwa kitendawili.

Miiko yenyewe ni mingi, na mingi inamlenga mwanamke. Mwanamke hapigi mluzi. Mwanamke hapandi juu ya paa. Mwanamke hali nyama ya mbuzi, asije akaota ndevu. Usifagie nyumba usiku, utafagia mali nje. Usikalie kinu. Ukiuliza sababu, jibu huwa neno moja, kirazira, yaani ni mwiko, na mazungumzo yameisha. Sina haja ya kuitetea yote. Mwiko wa mbuzi ulimwachia mwanamume mishikaki peke yake, na leo wanawake ndio wengi katika biashara ndogo ya kuvuka mpaka, wanaolisha nyumba na kulipa karo. Ukikaa kwenye vibanda vya mishikaki Gisenyi jioni utaona mwiko huo umefikia wapi. Lakini uandikwe hata hivyo. Mjukuu akitaka kujua bibi yake aliruka vizuizi gani, asome mahali.

Kuna miiko mingine iliyokuwa kama kitambulisho. Kila ukoo una mnyama au ndege wake: Abanyiginya wana korongo mwenye taji, Abega wana chura, Abazigaba wana chui, na Abagesera wana inyamanza, ndege mdogo atikisaye mkia, ambaye watu hawamuui na hufurahi kumwona uani. Abagesera, Abazigaba na Abasinga walihesabiwa kuwa wenye ardhi wa kwanza, na mtu akitaka kujenga alimtafuta mmoja wao abariki kiwanja.

Kisha kuna simulizi ambayo kutoisikiliza kunaua. Ukifuata barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, kununua mkaa au maharage ya Masisi, utasikia habari za mazuku, upepo mbaya unaotembea usiku na kuchukua uhai. Wazee huonya: usilale bondeni, usipite kwenye shimo la mawe kabla ya jua, ukiona ndege au mbuzi wamekufa bila jeraha, rudi. Mgeni anaweza kucheka. Asicheke. Mazuku ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hutuama kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri pasipokuwa na upepo. Haina rangi. Mtoto na mbuzi huanguka kwanza kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Onyo la wazee liko sawa kwa mahali, kwa saa na kwa dalili. Wanachotofautiana na wanasayansi ni jina la anayeua.

Nyiragongo nao haujaishia kwenye ngano. Ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, ukalipuka tena 17 Januari 2002, uji wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi kwa mamia ya maelfu. Jioni ya Jumamosi 22 Mei 2021 ukalipuka bila wananchi kupewa tahadhari mapema. Maelfu walivuka usiku ule kuja Rubavu, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba na barabara huku.

Kila mlipuko huacha visa vyake: nani aliota, ng'ombe gani alikataa kulala, ni njia ipi ilifungwa na mawe na ipi ilibaki wazi. Walioshuhudia ule wa 1977 wakiwa watu wazima sasa wamezidi miaka sitini na mitano. Wengi wao hawakuhojiwa na mtu yeyote. Wanakaa kando ya njia mnazopita, Busasamana, Bugeshi, Kibumba, na simu nyingi mnazobeba zina kinasa sauti. Andika jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na lugha aliyoitumia. Ukisikia kisa kile kile upande wa pili kikiwa na mwisho mwingine, usikirekebishe. Andika vyote viwili.