Macho ya Salgado, kutoka Rwanda hadi Amazon

Sebastião Salgado alipofika Rwanda kwa mara ya kwanza, mwaka 1971, hakwenda kama mpigapicha. Alikuwa mchumi kijana kutoka Brazil, mwajiriwa wa Shirika la Kimataifa la Kahawa lenye makao London, na kazi yake ilikuwa kukagua na kupanga miradi ya kilimo. Katika mzigo wake alibeba kamera ya mkewe, Lélia, aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya masomo yake ya usanifu majengo. Kila aliporudi London, picha alizopiga kwa kamera hiyo zilimvuta kuliko ripoti alizotakiwa kuandika. Mwaka 1973 akaacha mshahara mnono, yeye na Lélia wakahamia Paris, akaanza kutafuta riziki kwa kamera.

Alirudi Rwanda mwaka 1991, safari hii kuwapiga picha wachumaji wa chai kwa ajili ya kitabu chake kikubwa kuhusu kazi za mikono, Workers, kilichotoka mwaka 1993. Akarudi tena mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Anayetaka kuelewa namna Salgado alivyoitazama dunia aanzie kwenye kurudi huko. Wapigapicha wengi wa habari hufika, hupiga na kuondoka na ndege inayofuata, maana gazeti halingoji. Salgado alikaa. Alisafiri na watu, akala walichokula, akalala walikolala, na mradi mmoja aliufanya kwa miaka sita, saba au minane. Hata ripoti zake za uchumi hazikumtupa mkono: alipoelekeza kamera kwa mchuma chai au mkata miwa, alijua bei ya zao lile katika soko la dunia, na alijua ni kiasi gani kidogo cha bei hiyo kinachomfikia mwenye jasho.

Picha zake karibu zote ni nyeusi na nyeupe. Alieleza kwamba zamani, alipotumia filamu za rangi, nyekundu na buluu zilimteka hadi akawasahau watu wenyewe. Jambo jingine linalozitambulisha ni mwanga: mara nyingi jua liko nyuma ya anayepigwa picha, kinyume na tunavyofundishwa wengi wetu tunaposhika kamera. Hilo alilihusisha na utoto wake karibu na Aimorés, katika jimbo la Minas Gerais, alikozaliwa mwaka 1944. Jua la kule ni kali, na mtoto hukaa kivulini. Baba yake alipomjia akitokea juani, alimwona daima akiwa na mwanga mgongoni.

Picha zilizomjengea jina alizipiga mwaka 1986 Serra Pelada, machimbo ya dhahabu katika jimbo la Pará, kaskazini mwa Brazil. Ni shimo kubwa mno, na ndani yake wanaume wapatao 50,000, bila mashine ya kuchimbia. Kila mmoja amebeba kiroba cha udongo mgongoni, anapanda ngazi za miti zilizoegemezwa ukutani, anamwaga mzigo na kushuka tena. Ukitazama picha kwa mbali unaona kuta zinazotikisika kwa wingi wa watu. Ukiisogeza machoni unaanza kuona mmoja mmoja: mishipa ya miguu iliyotuna, matope yaliyokaukia mabegani, kamba ya kiroba iliyofungwa kupitia kwenye paji la uso ili shingo nayo isaidie kubeba. Kwa uwezo huo wa kuweka umati na mtu mmoja ndani ya picha moja ni wachache waliomkaribia.

Lakini ni kwetu, hapa Tanzania, kazi yake ilikozua swali gumu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 tu, zaidi ya watu 200,000 walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Benako ikageuka kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Salgado alikuwepo. Katika picha zake za Benako moshi wa kuni umetanda, watu wamejifunika mablanketi, na mwanga unaupenya moshi kwa namna ambayo mtu asiyejua habari angedhani anatazama mchoro wa kanisani.

Waliovuka Rusumo siku zile wengi walikimbia kwa kuhofia majeshi ya waasi wa RPF yaliyokuwa yakisonga mbele. Walikuwemo watoto, kina mama na wazee wasio na hatia. Walikuwemo pia watu waliotoka kuua majirani zao, pamoja na viongozi waliowapa amri. Mwanga wa picha unawaangukia wote sawasawa, na maelezo ya picha hayataji majina yao.

Wakosoaji walikwisha kuugusa uzuri huo. Mwaka 1991 Ingrid Sischy aliandika katika jarida la The New Yorker kwamba picha za Salgado zinaipamba dhiki, na mtazamaji huishia kuvutiwa badala ya kuguswa. Mwaka 2003 Susan Sontag aliliona tatizo kwingine: watu hawa hawana majina. Hoja ya Sischy ni dhaifu. Mtu aliyefikwa na balaa hajapoteza haki ya kupigwa picha kwa uangalifu na ustadi ule ule anaopewa waziri au bwana harusi. Hoja ya Sontag ndiyo yenye uzito, na Benako inaithibitisha. Bila jina, mwuaji na yatima wanakuwa kitu kimoja, na nchi nzima inakuwa “wakimbizi”.

Miezi michache baadaye kipindupindu kiliua makumi ya maelfu katika kambi za Goma, kando ya Ziwa Kivu. Salgado aliyapiga picha na hayo. Alipomaliza miaka hiyo mwili wake ukaanza kumkataa, na daktari rafiki yake wa Paris akamwambia hana ugonjwa wowote, ila amevitazama vifo vingi mno na hana budi kuacha. Akarudi Brazil. Yeye na Lélia wakaamua kupanda miti kwenye shamba la wazazi wake lililokuwa limekauka, na mwaka 1998 wakaunda shirika la kazi hiyo, Instituto Terra. Leo pale pana msitu uliotokana na zaidi ya miche milioni mbili.

Kamera aliishika tena kwa mradi wa Genesis, akiutafuta upande wa dunia usioharibiwa. Alianzia visiwa vya Galápagos mwaka 2004. Kobe mkubwa alimkimbia kila alipomkaribia akiwa amesimama, basi Salgado akapiga magoti, akaweka viganja chini na kutambaa kwa kimo cha mnyama. Kobe akatulia, kisha akamsogelea mwenyewe. Mwaka 2008 alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 800 katika milima ya Ethiopia, kuanzia Lalibela hadi Simien, mizigo ikibebwa na punda.

Mradi wake mkubwa wa mwisho ulikuwa Amazônia, kitabu na maonyesho yaliyofunguliwa Paris mwaka 2021, miaka minne kabla ya kifo chake cha Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 81. Porini alitundika turubai kubwa, na aliyetaka kupigwa picha alisimama mbele yake, peke yake, mbali na vurugu ya majani. Hapa maelezo ya picha yamebadilika. Msichana mwenye taji la manyoya na uso uliochorwa ni Bela Yawanawá, wa kijiji cha Mutum, jimbo la Acre. Na katika kumbi za maonyesho, pembeni mwa picha, ziliwekwa video za viongozi wa jamii za msituni wakieleza kwa vinywa vyao wenyewe jinsi ardhi yao inavyovamiwa na wachimba dhahabu na wakata magogo.