Sadaka ya Mwanafunzi



Kibaoni ni kata ya mji wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Maana ya jina lenyewe ni mahali penye kibao. Msafiri alisikiapo hukumbuka kibao cha njia. Lakini mzee aliyesoma chuoni hukumbuka kibao kingine, kile alichoandikia alifu na be alipokuwa mdogo. Leo twataka kuzungumza juu ya kibao hiki cha pili. Ni nani atakayekitia mkononi mwa mtoto wa bonde hili, na kwa njia gani?

Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga. Msimu wa kilimo ufikapo, jamaa nyingi huacha nyumba zao wakahamia mashambani yaliyo mbali, wakajenga vibanda na madungu, wakakaa huko miezi kadhaa wakilima, wakipalilia na kuamia ndege mpaka mavuno. Huo si uvivu wala ujinga, bali ndiyo riziki yao. Lakini shule haihami. Basi mtoto huwa baina ya mambo mawili: ama afuatane na wazazi wake akose masomo, ama abaki nyumbani na nduguze wadogo bila mtu mzima wa kumwangalia. Mwenye kutaka kusaidia elimu mahali kama hapa, naye haijui habari hii, atatoa mengi na kufaa kidogo.

Ni kweli kwamba serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi mwaka 2001, na katika sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo daftari, sare na kitabu havikuondoka pamoja na ada. Na mtoto aliyekosa miezi miwili humhitaji mtu wa kukaa naye kitako amrudishie yaliyompita. Hapo ndipo panapoingia sadaka ya mwanafunzi.

FIDIA YA MATEKA WA BADR

Jambo hili kwetu si geni. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, baadhi ya mateka wa Makka hawakuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika. Mtume (s.a.w.) akakubali fidia yao iwe ni kufundisha: kila mmoja awafundishe watoto kumi wa Madina, na wakiisha kujua, naye awe huru. Imepokewa kwamba Zaid bin Thabit alikuwa miongoni mwa watoto waliojifunza kwa njia hiyo. Naye ndiye aliyekuja kupewa kazi tukufu ya kuikusanya Kurani. Tazama jinsi elimu ndogo ya mateka ilivyozaa jambo kubwa! Hapana kijana awezaye kusema kwamba hana cha kutoa, maadamu ajua kusoma.

NCHI ILIPOGEUKA DARASA

Hata Tanzania iliwahi kuliona jambo hili kwa macho. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1977 walikuwa wamebaki wapatao 27. Walimu wa kazi hiyo hawakuwa maprofesa. Wengi walikuwa walimu wa shule za msingi, pamoja na vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha jioni chini ya miti na katika majumba ya watu. Baba aliketi mbele ya kijana wa umri wa mwanawe, wala hakuona haya. Na vitabu vya kisomo vilisema habari za kazi ya msomaji mwenyewe: kwa mkulima wa pamba, pamba, kwa mvuvi, samaki. Mafundisho yalimfuata mtu mahali alipo.

VITABU KUTOKA NOTTINGHAM

Ama wageni nao wana mafunzo yao. Mwaka 2004 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walianza kukusanya vitabu vya masomo ambavyo shule za kwao zilikuwa hazivihitaji tena, ili viletwe Tanzania. Kazi ikakua ikawa chama cha READ International, na wanafunzi wa vyuo vikuu vingine wakajiunga. Wakati ule shule za sekondari za kata zilikuwa zikiongezeka upesi: mwaka 2004 nchi nzima ilikuwa na sekondari 1,291, na mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Majengo yalitangulia, vitabu vikachelewa. La kusifiwa ni kwamba wanafunzi wale hawakuleta kila walichokiokota. Walivichagua vitabu wakivilinganisha na silabasi ya Tanzania. Baadaye chama kikageukia kutengeneza maktaba ndani ya shule, maana kitabu kilichofungiwa kabatini hakimsomeshi mtu.

SHARTI TATU

Kutokana na hayo twapata sharti tatu za msaada wenye baraka.

Kwanza, kuuliza kabla ya kutoa. Mwalimu wa shule ndiye ajuaye kama kinachokosekana ni kitabu cha hesabu au taa ya kusomea. Kijana anayesafiri mbali ili apake rangi ukuta ambao fundi wa mtaani angeupaka vizuri zaidi, amejifurahisha nafsi yake tu.

Pili, kufuata majira ya watu. Katika Kilombero, mpunga ndio kalenda. Likizo ya mwanafunzi na itumike kumsomesha mtoto aliyerudi kutoka shamba, na ikiwezekana afuatwe huko huko shambani.

Tatu, kuacha mtu nyuma. Ifakara yenyewe ina mfano mzuri: mwaka 1961, kwa msaada wa watu wa Basel, Uswisi, kilifunguliwa kituo cha kuwafundisha wenyeji kazi za uganga wa vijijini. Daktari mgeni huondoka, lakini mwenyeji aliyefundishwa hubaki. Vivyo hivyo mwanafunzi akifungua darasa, amfundishe na mwenyeji wa kuliendesha.

Na juu ya yote, asisimbulie. Tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Mtoto maskini asipigwe picha akishika daftari kana kwamba amenunuliwa nalo.

Enyi wazazi, msingoje wageni kutoka Ulaya. Mwanao wa kidato cha tatu aliye nyumbani likizo hii amjua jirani asiyejua kusoma. Mwambie amwite barazani, saa moja kila jioni, baada ya sala ya alasiri. Mali ikitolewa hupungua mkononi, ama elimu huzidi kwa kutolewa. Na elimu yenye manufaa ni katika yale machache yasiyokatika mtu afapo.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kuwa miongoni mwa wenye kufundisha yale waliyofundishwa. Amin.