Usingizi Si Kipimo cha Dawa ya Mzio

Klorofeniramini, kidonge kidogo cha miligramu 4, humezwa sana Bujumbura wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, vumbi linapotimka vichochoroni Buyenzi na pua zikaanza kuwasha. Msimu ukifika, swali dukani ni lile lile: ipo ile kali, inayolaza?

Swali hilo limeshikilia imani potofu, kwamba dawa isiyoleta usingizi haina nguvu. Histamini huwasha ngozi na kuchuruzisha pua, lakini ubongoni ina kazi nyingine kabisa: humweka mtu macho. Klorofeniramini na promethazini, dawa za zamani, hupenya hadi ubongoni na kuizuia huko pia. Usingizi unatoka hapo. Pua haingoji ubongo ulale ndipo ikauke. Ushahidi anao mgonjwa mwenyewe. Akimeza klorofeniramini kila siku, baada ya siku chache usingizi hupungua, na muwasho bado umetulia. Usingizi ungekuwa ndiyo nguvu ya dawa, muwasho ungerudi. Hata hivyo wapo wanaoongeza kidonge cha pili kwa sababu tu hawasinzii tena, na hilo halina utetezi wowote.

Tena dawa hiyo haitoki mwilini upesi. Dereva wa pikipiki aliyeimeza usiku hupakia abiria asubuhi akiwa mzito wa kushika breki, ingawa anajiona yuko macho. Bia huzidisha uzito huo. Na kumpa promethazini mtoto wa chini ya miaka 2 ili alale ni kosa kubwa: inaweza kumzuia kupumua.

Mtu mzima mwenye kazi mchana atumie loratadini au setirizini, miligramu 10 mara moja kwa siku. Setirizini huwasinzisha baadhi ya watu; hao waimeze usiku. Mwenye figo mbovu apunguziwe dozi. Vidonge vingi vya mafua vina klorofeniramini ndani, kwa hiyo pakiti isomwe kwanza. Mwenye tezi dume iliyovimba au presha ya macho aziepuke zile za zamani. Mtoto apimiwe kwa umri na uzito. Pumu haitibiwi kwa vidonge hivi. Ulimi ukivimba au pumzi ikibana, mgonjwa akimbizwe hospitali, Prince Régent Charles au Kamenge, iliyo karibu zaidi, achomwe adrenalini.